Waya Mmoja Uliosahaulika

Shimwa, nimempiga Usumani. Ngumi ya pua, Shimwa! Usumani wetu!

Damu imeruka mpaka kwenye kompyuta mpya.

Wiki nzima nimeiunganisha mwenyewe, nikikataza mtu yeyote kuigusa. Leo nabonyeza kitufe, feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Nimebonyeza mara ishirini. Nimepiga meza teke, kiti nimekivunjia ukutani.

Nikampigia Usumani, kwa sababu vipuri aliniuzia yeye. Amekuja moja kwa moja kutoka umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, buti zimejaa tope. Nikamwambia, "Umeniuzia maiti!" Akacheka. "Mshairi, wewe panga vina, nyaya niachie mimi."

Alisema hivyo mbele ya dada yangu Alida! Ndipo nikampiga. Nikamkaba shingo, nikambamiza mlangoni. Hakurudisha hata kofi.

Alijifuta kwa shati, akapiga magoti, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Akachomeka waya mmoja. Waya wa umeme wa prosesa, Shimwa! Ulikuwa unaning'inia nyuma ya feni. Niliusahau mimi.

Ikawaka.

Nikasema, "Kaka, nisamehe." Akajibu, "Mashine yako imewaka. Mimi usiniite tena hapa." Akaenda zake.

Nimekaa mbele ya hiyo skrini kumwandikia ubeti wa kuomba radhi. Mistari minne, yote inanisifu mimi. Nimeifuta.

Niko juu ya pikipiki, naenda kwao Nyamirambo. Njoo na wewe. Akitaka kunipasua pua, usimzuie.