Sungura wa Nekesa

Jumanne, 3 Juni

Tena juu ya kreti. Nasuka nikiwa nimekaa, mteja yuko chini kwenye mkeka, mguu wangu wa kushoto juu ya ndoo. Kawangware wameshazoea. Mama Brayo alitaka kujua kama ule ufa wa mfupa umeziba. Umeziba, daktari amesema. Akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ananiambia hivyo huku kichwa chake kiko mikononi mwangu! Nikavuta nywele kidogo.

Jioni, uwanjani Kibera. Mara ya kwanza tangu Februari. Mizunguko michache, polepole. Hakuna maumivu. Nimefurahi mpaka naona haya.

Alhamisi, 5 Juni

Kocha Ramadhani amenipa kazi. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja mwalimu wa kambi moja ya mbio kule Iten kuchagua msichana wa mita elfu moja na mia tano. Mmoja tu. Mimi simo, mguu bado mchanga. Mimi nitakuwa sungura: natangulia mizunguko miwili kwa kasi aliyoipanga kocha, Nekesa ananifuata, kisha natoka na kumwachia mbio zake.

"Sungura hamalizi," kocha alisema. "Ukimaliza, usirudi hapa."

Nekesa ni rafiki yangu. Kabla ya mguu kuumia nilikuwa namshinda kila mara. Imeniuma. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia.

Jumamosi, 7 Juni

Tumefanya jaribio. Nimeharibu.

Baridi, udongo umekauka vizuri, mistari imechorwa upya kwa majivu ya jiko la mandazi. Miguu ikasema twende. Nikaenda. Raha gani hiyo, Mungu wangu! Kwenye kona nikageuka, niko peke yangu. Nekesa alijaribu kunifuata, akaishiwa pumzi, akamaliza akitembea.

"Achi, manze, kwani umeiba nini?" Nekesa akaniuliza.

Wote walicheka, hata yeye. Kocha hakucheka. Aliniambia haraka haraka haina baraka. Kocha wa mbio! 

Mguu kimya. Aibu tele.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimefundishwa kusikiliza. Sungura akigeuka kutazama nyuma anapoteza mwendo, kwa hivyo nitumie masikio. Nisiposikia pumzi ya Nekesa, nimezidisha.

Nilimsikia mizunguko yote miwili. Anapumua kwa mdomo, fu, fu, kama mtu anayepoza uji. Miaka yote hiyo nikiwa mbele yake, sikuwahi kujua.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua. Hakuna mazoezi. Nekesa alikuja nimsuke kwa ajili ya Jumamosi, mistari myembamba ya kurudi nyuma. Tuliongea habari za kila mtu isipokuwa zetu. Nikiwa karibu na sikio akauliza, "Ukijiskia fiti siku hiyo, utatoka kweli?"

Nikasema nitatoka. Nilijibu upesi mno.

"Achi, usinichezee. Hii ndiyo chance yangu."

Sijui kama nilimwambia kweli.

Jumamosi, 14 Juni

Mzunguko wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Fu, fu, nyuma yangu. Wale wengine walishaachwa.

Mstari wa kutoka ukafika. Mguu mzima, kifua kimejaa hewa, mwalimu wa Iten amesimama palepale na saa yake. Nilijua kabisa kwamba ningeshinda. Nikaupita mstari. Hatua kadhaa. Naziandika kwa sababu nilizipiga.

Kisha pumzi ya nyuma ikakatika. Nekesa alikuwa amepunguza. Alikuwa ananingoja nitoke, hajui anipite upande gani.

Nikaruka kwenye nyasi. Nikapiga kelele, "Enda! Enda!" mpaka sauti ikakauka.

Akashinda. Amechukuliwa. Alikuja akaniangukia, tukalia sote wawili. Machozi yangu yalikuwa ya furaha na ya wivu. Ya furaha yalizidi, lakini si kwa mbali. Kuhusu zile hatua hakusema kitu. Kocha pia hakusema, ingawa aliziona.

Jumapili, 15 Juni

Kanisa. Usingizi. Chapati nne.

Jumanne, 17 Juni

Nekesa amesafiri asubuhi. Nilimbebea begi, la mtumba wa soko la Toi, zipu moja tayari imegoma. Alikuwa anaogopa, akajifanya ana baridi.

Jioni nikaenda uwanjani. Kocha alitukimbiza mwendo wa kawaida, mimi nyuma ya wasichana wadogo. Mizunguko miwili ilipoisha, nikatoka nikaingia kwenye nyasi na kuanza kufungua kamba za viatu.

Kocha akaniita.

"Wewe, unaenda wapi?"

"Si nimefikisha miwili?"

"Nani amekuambia miwili? Rudi kwa laini."

Nikafunga kamba, nikarudi. Nilimaliza wa mwisho.

Mguu hauumi.