Hatua Tisa toka Kisimani

Jumatatu, 2 Februari
Jambo, kaye yangu, daftari langu la siri. Umeamkaje? Mimi niko muzima, magoti tu inauma. Rozari nimesali. Samaki nimefunga katika majani, babula ya makaa inawaka. Mupangaji wangu mupya, Paluku, aliyekimbia vita ya Goma, ameniamkia vizuri. Kisha akasimama kisimani, akatembea kuelekea ukuta akihesabu hatua. Akaniona. Akacheka bure.
Mutu anapima parsele, kiwanja cha mwenzake, ya nini?

Jumatano, 4 Februari
Amepima tena. Hatua tisa. Anafika palepale ninapopikia, anasimama, kofia mukononi. Sokoni wanasema adui wanatuma watu kati ya wakimbizi, waonyeshe ndege bila rubani pa kupiga. Na huyu, mugeni wa juzi, anajua vichochoro vyote vya mutaa wetu wa Makiso. Nimemuuliza kama aliishi hapa. "Kidogo, mama." Kidogo!
Nimeficha funguo. Ninamuogopa mutu anayekula katika sahani yangu.

Ijumaa, 6 Februari
Nimeenda kwa papa Lofemba, shefu wa avenyu, mukubwa wa barabara yetu. Nimesema yote. Bon, nimeongeza: eti anapiga picha. Sikuona picha yoyote. Kesho anakuja na askari. Siku hizi wakimuchukua mutu kwa jambo kama hilo, harudi upesi.


Jumamosi, 7 Februari
Walikuja. Paluku akapiga magoti kando ya babula yangu. "Mama yangu iko hapa."
Ile vita ya siku sita ya mwaka 2000, majeshi mawili ya wageni wakipigana ndani ya mji wetu, bomu liliangukia nyumba hii, wakati ule ya kwao, likamuua mama yake. Njia ya makaburi ilifungwa. Papa yake akamuzika mukewe parselini, kama wengi walivyofanya, akamuhesabisha mutoto hatua toka kisimani ili asisahau. Alikuwa na miaka saba.
Askari wakaondoka. Papa Lofemba akanigeukia: "Mama Anjela, picha ziko wapi?"


Jumapili, 8 Februari
Nimetoa nia ya misa kwa mama wa Paluku. Nimeungama ule uongo kwa padri, na kwa Paluku mwenyewe. Babula nimehamisha mulangoni. Tumezoa majivu pamoja. Miaka yote hii nimemumwagia mama yake maji ya samaki.
Tulinunua hapa rahisi, paa limetoboka. Kila nilipotaka kupanda muhogo pale, marehemu mume wangu Dieudonné alikataa. "Usichimbe, Anjela. Pika tu." Nikazani ni uvivu.
Dieudonné, ulijua? Naomba unijibu upesi.