Wimbo wa Idi Hauna Jina Langu

Mjomba,

Damu haikutuunganisha. Wewe mzaliwa wa Jamaika, mimi wa Tanga. Hoteli moja ya Bur Dubai ndiyo iliyotupandisha jukwaa moja, wewe na saksafoni yako, mimi na sauti yangu, tukiwapigia wageni muziki wa soul na rege. Siku ya kwanza tu ulisema, "Hapa ugenini, niite mjomba." Nikakuita. Nikakupikia, nikakufulia na mashati ya kazini.

Unaikumbuka ile flati ya Al Baraha? Ulikuwa ukisokomeza taulo kwenye bomba la saksafoni ili jirani asitugongee ukuta. Alasiri, kabla ya kazi, nilikuwa nikimwimbia mwanangu Idi, niliyemwacha Tanga, kwa simu ule wimbo wa kumbembeleza, niliomtungia mwenyewe, nawe ukanifuatisha polepole. Mtoto akazoea. Akawa anauliza, "Mjomba yupo?" Nilifurahi, wallahi.

Ulinisimulia ulivyopuliza kwenye santuri za watu kule London ukiwa kijana. Zikavuma, na kwenye majalada jina lako halimo. Ulipodai, ukaambiwa, "Kilikuwa kipande kidogo tu." Ulilia, mtu mzima. Nikakushika mkono, nikawalaani pamoja nawe.

Sasa umerudi London, umetoa albamu, na wimbo wa Idi ndio uliovuma. Mtunzi wewe, mpigaji wewe. Mimi simo hata kwenye shukrani! Nilipokuandikia, ukanijibu nini? "Kilikuwa kipande kidogo tu, mpwa wangu." Hivi hukuona haya? Wale waliokuibia hawakuwahi kula kwako. Wewe umekula kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea.

Hotelini wageni wanauomba. Meneja ananiambia, "Yalla, imba ule wa mzee." Naimba. Nikishuka natukana kwa Kiswahili, naye anadhani namshukuru.

Hayo ningeyameza. Lakini juzi nilimpigia Idi, sasa mkubwa wa miaka kumi, nikaanza kumwimbia, akanikatiza. Wenzake wamemwonyesha albamu yako kwenye simu.

"Mama, kumbe uliuiba kwa Mjomba?"

Nimeapa, nimelia, haniamini. Jina analoliona ni lako.

Naandika hadharani kwa sababu ujumbe wangu hujibu tena. Radhi yako sitaki, kaa nayo. Namba ya Idi unayo. Mpigie mtoto, umwambie nani alimtungia.

Aliyekuwa mpwa wako,
Mama Idi