Kifungo Mbele ya Kiti Kitupu

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa aibu, ingawa bado naamini niko sahihi, na pengine hilo ndilo tatizo lenyewe. Naolewa mwezi ujao. Mama mkwe wangu mtarajiwa, fundi cherehani mstaafu, hunialika kila Jumapili tucheze poka kwa njiti za kiberiti, mimi na yeye tu, maana mumewe aliyekuwa mwenzake wa karata alifariki mwaka jana na mwanawe, mchumba wangu, hukimbilia jikoni kuosha vyombo. Alama ya mgawaji karata, inayohama kila mchezo, ni kifungo cha koti la marehemu. Sasa mshauri, wachezaji wakiwa wawili sheria ni nyepesi, mwenye kifungo anaweka njiti moja kabla ya kuona karata, mwenzake mbili, mwenye kifungo anaanza kutaja dau, na karata za mezani zikishafunuliwa anataja wa mwisho. Lakini mama anagawa kana kwamba tuko watatu, kifungo kinatoka kwake kinakuja kwangu kisha kinakwenda kupumzika mbele ya kiti kitupu, na zamu ya kiti kuchangia ikifika mama anatoa njiti kwenye kopo la mumewe, kopo ambalo halijawahi kushinda na kila Jumapili nalikuta limejaa. Jumapili iliyopita uvumilivu ukaniishia, nikamweleza yote kwa mpangilio, nikamalizia, "Mama, hesabu mwenyewe, tuko wawili." Akaniangalia, akasema, "Haya mwanangu, kama tuko wawili," akakusanya karata, akaenda kulala na jua bado linawaka. Tangu hapo hapokei simu zangu, mchumba wangu ananiuliza, "Umemfanya nini mama?" nami namjibu kwamba nimemfundisha sheria. Nimekosea wapi?

Mpenda Sheria

Binti, kwenye sheria hujakosea popote, na hongera, maana ni hongera pekee utakayoipata hapa. Mwanamke aliyepima watu viuno maisha yake yote hashindwi kuhesabu watu wawili. Anajua mko wangapi, ndiyo maana analijaza lile kopo. Kiti, koti, kopo, vyote umeviandika kwa mkono wako, ukavipita mbio ukiwahi sheria. Najua hukuwa na nia mbaya. Ila ulimtangazia msiba mara ya pili, tena kwa mpangilio.

Usisubiri apokee simu. Jumapili nenda, na hotuba yako iache nyumbani. Kaa mahali pako, weka kifungo mbele ya kile kiti, toa njiti zako, msubiri. Akiuliza unafanya nini, mwambie, "Zamu ya mzee, mama." Kisha funga mdomo. Na huyo mchumba wako atoke jikoni, vyombo gani hivyo visivyoisha? Naye amefiwa. Akae karibu na kopo la baba yake, awe anamtolea njiti.

Sheria yako ya watu wawili itunze. Siku mama akikiondoa kile kiti mwenyewe, mtaitumia. Na ukipata karata nzuri, mfunge. Sijasema popote umwachie ashinde. Mfunge mama, na kopo ulifunge vilevile. Mzee amezoea.