Ndege Ipi, Mama Nyemo?

Mke wangu mpendwa, Mama Nyemo,

Nakuandikia nikiwa Toronto, kwenye meza ya jikoni kwa binti yetu. Kama mtu angeniambia mwaka jana, siku tuliyokuzika pale Hombolo, kwamba nitakuja kuandika sentensi hiyo, ningemwonea huruma. Wewe ndiye uliyekuwa uje huku. Nyemo alijua hivyo, mkwe wetu Emanueli alijua, hata mchungaji aliwahi kulitangaza kanisani kabla ya wakati wake, ukanuna Jumapili nzima. Binti akijifungua, mama ndiye anayekwenda. Baba anabaki na mizabibu yake.

Unakumbuka tulivyokwenda mjini kupiga picha ya pasipoti yako? Kijana wa studio alikukataza kucheka, ukakaza uso, na ulipoonyeshwa picha ukasema, "Nimefanana na mtu aliyenyimwa chai." Tulicheka mpaka watu wakageuka. Pasipoti ilipotoka ulikuwa umeshaanza kukonda. Ukatuacha wakati wa kupogoa, na Nyemo hakuweza kuja kukuzika kwa sababu karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa. Alilia kwenye simu, mimi nimeishika simu ile juu ya kaburi ili asikie wimbo.

Hata mwaka haukuisha akapiga tena kusema ni mjamzito. Nikafurahi, nikaanza kumuuliza habari za kula na kulala, akajibu kwa mkato. Kisha akasema, "Baba, njoo wewe."

"Nije kufanya nini, mwanangu?"

"Uje tu."

Ndipo akanieleza. Daktari alikuwa amemwambia kondo la nyuma limekaa vibaya, limeziba njia, na lazima afanyiwe upasuaji. Emanueli anaendesha malori ya masafa, akitoka harudi mpaka wiki iishe. "Sina mtu, baba," akasema, kwa sauti ile aliyokuwa nayo akiwa darasa la pili.

Nilikwenda Haneti kwa dada yako Damari kumwomba aende yeye. Pasipoti hana, na mguu wake unaujua. Nilipomwambia kwamba basi nitakwenda mimi, alinigeukia. "Shemeji, wewe uingie chumba cha mzazi? Ukamkande nani?" Nikasema sijui. Kweli sikujua. Baadaye, baada ya kula, alivingirisha kanga mbili zikawa kama kichanga, akaniwekea mapajani na kunionyesha namna ya kushika shingo wakati wa kuogesha na kukanda. Wajukuu zake walikuwa wanachungulia mlangoni wanajiziba midomo. Nilikuwa na haya, mama, lakini nilishika.

Pasipoti na viza zilinichukua muda, ila hazikunichanganya, maana huko huchagui kitu. Unaambiwa lete hiki, unaleta. Kilichonishinda ni kuchagua ndege.

Mimi, bwana shamba mstaafu, niliyezunguka Chamwino yote nikiwaambia watu pandeni mbegu hii, acheni ile, na watu wakapanda. Mwanetu Yohana alikuja Jumamosi kutoka Mtumba na kompyuta yake, akaiweka mezani, akasema, "Baba, kuna njia tatu." Ya kwanza inapitia Ulaya. Ya pili inapitia Uarabuni, halafu unakaa angani nusu siku na zaidi bila kukanyaga chini. Ya tatu ni ya bei nafuu kuliko zote, ila ni tiketi mbili za mashirika mawili tofauti, na katikati unalala uwanjani. Nikamuuliza ipi nzuri. Akasema ile ya Uarabuni ina nyota nne. Nikauliza nyota zimetolewa na nani. Akasema na wasafiri. Akanisomea maoni yao, mama. Mmoja anasema hajawahi kuhudumiwa vizuri hivyo maishani mwake, na wa pili, ndege hiyohiyo, anasema hata adui yake asipande. Mmoja alikuwa amelalamikia wali. Nilimwambia Yohana afunge kompyuta tule.

Nikamwendea jirani yetu Hajati Zaina, kwa kuwa yeye amekwenda Maka na kurudi. Aliniwekea kahawa, akaanza. "Bwana Shamba, kiti omba cha kandokando ya njia. Ukikaa dirishani, kila ukitaka kwenda chooni unaomba ruhusa kama mwanafunzi." Akasema nivae soksi, ninywe maji, nisimame mara kwa mara miguu isivimbe. Hayo niliyashika. Nilipomuuliza shirika, akasema nichague lile ambalo uwanja wao una mahali pazuri pa kuswalia. Nikamkumbusha kwamba mimi ni Mwanglikana. "Hata hivyo," akasema, "patakuwa patulivu." Yohana naye akanipigia jioni kusema nisimsikilize mtu, nichukue dirishani nione nchi. Nililala na viti viwili kichwani.

Nilikufikiria sana siku hizo, hasa safari zetu za Singida kwa kaka yako. Wapiga debe walikuwa wanatuvuta huku na huku, kila mmoja ana basi lake linaloondoka sasa hivi, na wewe unawapita wote, unazunguka mbele ya basi na kumtazama dereva. "Huyu macho mekundu, hatupandi." Au, "Huyu ametulia, leta mizigo." Mimi nilikuwa naona aibu. Nilikuambia siku moja kwamba dereva si mchumba wa kukaguliwa, ukanijibu, "Roho yangu anakwenda nayo nani?" Sasa nilikuwa natazama picha za ndege kwenye simu, zote nyeupe, zote zina mkia wa rangi, na dereva haonekani popote. Nikatamani nikuulize. Halafu nikagundua kitu kilichonisumbua zaidi: sikujua ungejibu nini. Tumeishi pamoja miaka yote ile, na nilikuwa siwezi kukisia.

Mwishowe Yohana alinipeleka kwa wakala wa tiketi pale mjini. Kuna binti anaitwa Agripina, mpole, aliniamkia na kunivutia kiti. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimechanganyikiwa." Akasema wengi wanaokuja huwa hivyo. Ile ya bei nafuu aliiondoa upesi. "Baba, hizi ni tiketi mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji, na hakuna wa kukulipia nyingine." Zikabaki mbili. Ya Ulaya ilikuwa na nafasi Jumanne, lakini nibadilishe ndege mara mbili, na muda wa kubadilisha ni mfupi, viwanja vyenyewe vikubwa. Ya Uarabuni ilikuwa Alhamisi, nabadilisha mara moja, muda upo wa kutosha, mzigo unaukuta Toronto.

"Upasuaji wa binti ni lini?" akauliza.

"Jumatatu inayofuata."

"Basi zote zinawahi."

Nikatoka nje nikampigia Nyemo. Nilimweleza yote, nyota, viti, muda wa kubadilisha, hata yule wa wali. Nilikuwa naendelea tu, mpaka nikasikia analia. "Baba, mimi sijali unapita wapi," akasema. "Naogopa. Nataka nikizinduka nikuone." Niliporudi ndani nilimuuliza Agripina swali moja. "Ni ipi ambayo nikikwama njiani, kuna mtu atakayewajibika kunifikisha?" Akasema zote mbili, ila ya Ulaya ina sehemu nyingi za kukwama. Nikachukua ya Alhamisi. Nilitoka pale nikijiona nimefanya jambo la busara, na hali hiyo ilidumu mpaka nikafika nyumbani.

Yohana alinisindikiza kwa treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Ya uwanjani sitakuchosha nayo. Safari ya kwanza ilikuwa fupi. Kule Uarabuni niliwafuata watu waliokuwa kwenye ndege yangu, wakanipeleka mahali pa kuchukulia mizigo, nikarudishwa na askari mmoja mwenye subira. Safari ya pili, mama, hiyo ndiyo safari. Kiti changu kilikuwa cha njiani kama alivyosema Hajati. Magoti yamegusa kiti cha mbele, na wa mbele akalaza kiti chake, nikawa kama zabibu ndani ya kreti. Nilitembea, nilikunywa maji, nilikula kuku na kitu cheupe nisichokijua. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo, hatukuwa na lugha ya pamoja. Alinifungulia kikopo cha maji kilichonishinda kufungua, nikamshukuru kwa Kiswahili, akajibu kwa lugha yake, tukaridhika. Kwenye kioo mbele yangu kulikuwa na ramani na ndege ndogo iliyokuwa haisogei. Niliitazama muda mrefu juu ya bahari. Nikasinzia.

Emanueli alikuwa ananisubiri mlangoni. Aliniamkia, nikaitika, nikayaona macho yake yamechoka.

"Nyemo yuko wapi?"

"Hospitali, baba. Amejifungua leo alfajiri."

Nikamwambia si Jumatatu? Akasema damu ilianza kumtoka usiku. Ni bahati tu kwamba yeye alikuwa amerudi safari mapema. Alimwahisha, wakampasua saa ileile. "Wote wawili wazima, baba. Ni mtoto wa kike. Wewe ulikuwa hewani." Nilikaa juu ya sanduku langu pale uwanjani, watu wanapita. Sijui nilikaa muda gani. Alfajiri yao mimi nilikuwa nakula kuku.

Tangu hapo nimekuwa nikizungusha jambo hili kichwani. Ndege ya Jumanne ingenifikisha kabla. Ningekuwa naye. Lakini labda ningepotea kwenye moja ya vile viwanja vikubwa, mimi niliyepotea hata kwenye kile ambacho muda ulikuwa tele. Na ningekuwepo, ningefanya nini? Gari siwezi kuendesha huku, Kiingereza changu ni cha vitabu vya dawa za mimea. Nikisema nilichagua vizuri, nakumbuka binti yangu alizinduka na mimi sipo. Nikisema nilichagua vibaya, Emanueli anasema, "Baba, acha, umefika." Nilimwomba Nyemo msamaha kitandani kwake. Alinishika mkono, ule wenye mipira ya dawa, akasema, "Walipokuwa wananipeleka, niliambiwa nihesabu nilale. Sikuhesabu. Nilikuwa nawaza saa hizi baba amefika wapi." Sijui kama alisema hivyo kunifariji. Nimeshindwa kujua.

Sasa tuko nyumbani. Namwogesha mtoto mimi, mama. Mara ya kwanza nililowa mimi kuliko mtoto, Nyemo akicheka huku ameshika mshono. Nikitaka kumkanda mtoto kama alivyofundisha Damari, Nyemo ananiambia manesi wa huku hawataki. Kisha mwenyewe ananiambia, "Kidogo tu, baba." Napika uji, napika mlenda mkavu niliouleta, nyumba inanukia kama kwetu. Asubuhi Nyemo hunisalimu kwa Kigogo, namjibu, na theluji iko dirishani. Nashindwa kuelewa niko wapi.

Juzi alikuwa ananyonyesha, nami nakunja nepi. Akaniuliza bila kuniangalia, "Baba, kama mama angekuwepo, ungekuja?"

Nilitaka kusema ndiyo. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Nisingekuja. Ningemsindikiza mama yako hadi stesheni, nimbebee begi, nirudi shambani."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua. Halafu akanipa mtoto. "Mpigepige mgongoni acheue."

Nikamweka begani. Alikuwa na joto, kichwa chake kimelalia shingo yangu, na nilifurahi, Mama Nyemo, nilifurahi kiasi kwamba nilisogea dirishani Nyemo asinione. Papo hapo nikaona haya. Furaha hii ilikuwa ya kwako. Kiti kile kilichonibana magoti kilikuwa chako, wewe mfupi ungeenea vizuri. Mtu aliyepaswa kusimama dirishani pale na mtoto ni wewe, na mimi nimepata kumjua binti yangu kwa sababu hupo. Nifanyeje na jambo kama hilo? Nikikushukuru, nakuwa kama mtu anayeshukuru msiba. Nikikuomba radhi, nakuwa kama naukana huu mkono mdogo uliokuwa umeshika ukosi wa shati langu. Nimejaribu yote mawili kwa siku hizi zote na hayachanganyiki.

Mtoto amecheua, amelala. Hapa ndiyo kwanza kunakucha, na kwetu Hombolo jua limeshapinduka, kivuli cha msalaba wako kimeanza kurefuka upande wa bwawa. Sijui nikuage kwa salamu ya asubuhi au ya jioni. Chukua ile inayokufaa huko uliko.

Mumeo,
Baba Nyemo