Sura ya Kuku

Falkenrode, Saksonia
9 Juni 1691

Mpendwa dada Walburga,

Jino lile limekuachia usingizi? Na mguu wa shemeji je, umekubali kuvaa kiatu? Huku sote tu wazima, ila aibu tuliyopata haina dawa.

Unajua Anselm wangu analipwa kupiga fidla na kutunga nyimbo za kanisa la Dyuki, mtawala wetu. Unajua pia riwaya zake za walevi na wajane, anazochapisha kwa jina la uongo. Akijulikana, kazi hana, na nyumba hii ni ya Dyuki. Nilimsihi asimtie kitabuni Bwana Hasenkamp, msimamizi wa jumba. Akamtia, tena bwana huyo akificha soseji ndani ya nywele zake za bandia! Sikio la kufa halisikii dawa.

Maonyesho ya vitabu ya Leipzig yalipokaribia, Anselm alikuwa kitandani na homa, hata kalamu haishiki. Hata hivyo mchapaji alipata kitabu kizima.

Basi Jumapili Dyuki akaamuru kitabu hicho kisomwe mezani, wanamuziki wakiwapo. Sisi wake zao tulichungulia mlangoni. Zilipofika soseji, Hasenkamp akawa mwekundu.

“Nikimjua mwandishi huyu, atalala nje na mkewe!”

Akaponda kila sura. Anselm akacheka naye, tena kwa sauti, mnafiki mkubwa. Mimi naomba Mungu amzidishie unafiki.

Ikaja sura ya mwisho, mke anapomfungulia mlango mume mzururaji.

“Takataka!” akafoka Hasenkamp. “Hii hata kuku angeandika!”

Anselm akaruka, fidla chini. “Kuku wewe! Hiyo ndiyo sura bora kitabuni, na mimi siwezi kuandika nyingine kama hiyo!”

Dada, nilishaanza kufungasha vyungu moyoni.

Dyuki alicheka mpaka akalia. “Kumbe mchokozi tunaye humu humu!” Hatufukuzwi. Ila kila sikukuu ya kuzaliwa ya Hasenkamp, Anselm atamtungia wimbo wa sifa, na Hasenkamp atausikiliza amesimama, bila nywele za bandia.

Njiani nilimfokea. “Sura zako zote umevumilia zikitukanwa, hii moja ndiyo ikushinde?”

“Zile zilikuwa zangu, Sabina.”

Sura ile niliiandika mimi, dada, yeye akiwa na homa. Nikamshika mkono mpaka nyumbani.

Msalimie shemeji, na shangazi Kunigunde, ila soseji usimtajie. Mungu awalinde na homa na wasimamizi wa majumba.

Mdogo wako akupendaye,
Sabina, kuku wa Falkenrode