Mtamba wa Winnie na Mashine Isiyo na Mdomo

Mpendwa Shangazi Raya, shikamoo. Naomba uniokoe kabla ya Jumapili, maana Jumapili baba mkwe anatoka Magu kuja kumwona ng'ombe mtamba aliyempa binti yake, na mtamba hayupo. Mimi nina kibanda cha gemu hapa Mkuyuni, miaka sita vijana wamejazana kwenye mashine yangu ya zamani kwa sababu ya CD moja ya mpira ambayo fundi aliichokonoa akaweka timu za mitaa yetu, Mkuyuni, Igogo, Butimba, na majina ya vijana wenyewe, hata muuza sato wa hapa jirani ni mshambuliaji, sasa watu wakaanza kuniita mtu wa kale, nami nikaumia, nikamuuza mtamba wa mke wangu Winnie aliyekuwa anatunzwa kwa kaka yangu Kisesa, nikanunua mashine mpya, ile ya bei nafuu kati ya aina mbili zilizokuwa dukani, na kwa furaha nikamuuzia Kashindye wa ng'ambo ya barabara ile mashine ya zamani, CD zote nikampa nyongeza, nikijua nitachoma nyingine. Kufungua boksi, natafuta pa kuingizia CD, sipaoni. Nimeigeuza juu chini, haina mdomo! Kila gemu inanunuliwa mtandaoni, na kuipakua tu kunamaliza bando la mwezi. Wateja wote wamehamia kwa Kashindye, na nakiri, Shangazi, juzi na mimi nilivuka barabara nikalipa nikacheza. Winnie hajui lolote. Je, niseme mtamba alikufa kwa ugonjwa?

Luhaga, Mkuyuni

Luhaga, marahaba. Pole, ingawa kucheka nimeshacheka.

Hakuna aliyekuibia. Wenye kiwanda wamekuuzia sufuria kwa bei ya huruma, halafu unga wanauza wao peke yao, kila siku, kwa bei waitakayo. Hapo ndipo wanapokula. Kabla ya kutoa pesa ungeuliza tu, "Hii inasoma CD zangu?" Lakini uliogopa kuonekana mtu wa kale. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na chako kimeanza kuuma.

Kashindye usimnunie, ulimpa mwenyewe tena na nyongeza. Yeye ana mashine, wewe una kibanda, viti na wateja wanaokujua kwa jina. Vuka barabara tena, safari hii usikae kucheza, kaeni mzungumze mfanye kazi pamoja. Hiyo mpya iuze ingali na boksi lake. Wapo watu Capri Point, kwa wenye nazo, walio na intaneti ya nyumbani, wataichukua, na pesa hiyo yote iende Kisesa ikatafute mtamba.

Sasa huo ugonjwa. Unataka kumdanganya mzee wa Kisukuma habari za ng'ombe? Atauliza ngozi iko wapi, nyama ililiwa na nani, na kwa nini hakuitwa. Utamjibu nini, kwamba imo mtandaoni?

Mwambie Winnie leo, kabla baba yake hajapanda gari. Neno "uwekezaji" lisikutoke. Sema, "Nimeuza mtamba wako bila kukuuliza," kisha nyamaza. Atakusomea makosa yako yote tangu siku ya posa, na wewe vumilia, usibishe hata moja. Mashine yako ndiyo isiyosoma ya zamani. Mkeo anasoma yote.